Gorogoro Haina Lebo

(Hotuba mbele ya wanunuzi na wachuuzi wa nafaka, ukumbi wa Kaloleni, Nairobi)

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama wa soko, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, hamjambo.

Nimekuja na vikaratasi viwili. Hiki cha kwanza ni kipande cha boksi kilichochanwa kwa mkono na kuandikwa kwa wino mzito: NYAYO. Nimekiomba leo asubuhi pale Nyamakima kwa mama mmoja aliyekuwa amekichomeka kwenye gunia la maharagwe. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa, akanipa, akachana kingine papo hapo, akaandika, akachomeka, akaendelea kupimia wateja. Hiki cha pili ni upande wa mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 2, nimeukata kwa makasi nyumbani. Una nembo ya KEBS, lile shirika la viwango, tarehe ya kusagwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, vitamini na madini yaliyoongezwa, na sanduku la posta la kampuni. Jina la kampuni nimelikata, msinitafutie kesi.

Nimeombwa nizungumzie lebo za vyakula vya GMO na vile sisi walaji tunavyozichukulia. Mjadala wetu wote wa zaidi ya miaka kumi umekuwa juu ya hiki kikaratasi cha pili, ilhali wengi wetu humu ndani tunakula kwa hiki cha kwanza.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana mtaani limekuwa kapu la kutilia kila kitu. Kuku wa gredi akikomaa kwa wiki sita, ni GMO. Nyanya ikidondoka isipasuke, GMO. Tikiti maji lisilo na mbegu, GMO. Hata kijana wa darasa la saba akimpita babake kimo, majirani wanamwita mtoto wa GMO. Sasa, kuku wa gredi ni mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi na kulishwa vizuri. Nyanya ile ngumu ni chotara. Tikiti lisilo na mbegu limetokana na kupandisha aina mbili za tikiti zisizolingana. Hakuna kati ya hivyo kilichoingizwa jeni kwenye maabara. GMO ni kiumbe ambacho wanasayansi wamechukua jeni, mara nyingi kutoka kwa kiumbe kingine kabisa, wakaipachika humo ili kifanye jambo ambalo hakikuwa kikilifanya. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yamepewa jeni ya bakteria wa udongoni, yakawa yanajitengenezea protini ya kumuua kiwavi anayetoboa bua.

Hapa kwetu, zao la kwanza la namna hiyo kuruhusiwa kwa mkulima wa kawaida ni pamba ya Bt. Baraza la mawaziri liliipitisha Desemba 2019 na ikaanza kupandwa 2020. Mtasema pamba hailiwi. Kweli, lakini mbegu zake hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Nitarudi kwa huyo ng'ombe.

Tazameni tulivyofika hapa, kwa sababu kuna kichekesho. Sheria yetu ya usalama wa kibayolojia ni ya 2009. Mwaka 2012 zikatoka kanuni za lebo: bidhaa yoyote ambayo zaidi ya asilimia 1 ya viungo vyake ni GMO lazima iandikwe. Ni kanuni kali. Afrika Kusini, ambako watu wanakula mahindi meupe ya GMO tangu miaka ya 2000 mwanzoni, wameweka asilimia 5. Marekani pia 5. Ulaya, wanaosifika kwa ukali, wako 0.9. Kwa hiyo kwenye karatasi tuko bega kwa bega na Ulaya. Lakini Novemba mwaka huo huo wa 2012, serikali ya Kibaki ikapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO. Yaani tulijenga lango zuri la kuhesabia ng'ombe, kisha tukapiga marufuku ng'ombe. Miaka kumi lango likasimama bure, na hakuna mlaji wala mchuuzi aliyejifunza kulisoma.

Marufuku yenyewe ilikuja wiki chache baada ya utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini na picha zake za panya wenye uvimbe. Picha zilizunguka dunia nzima. Jarida lililochapisha utafiti huo liliuondoa Novemba 2013, likisema matokeo yake hayakutosha kuthibitisha lolote, na mwaka uliofuata ukachapishwa tena kwenye jarida jingine. Sasa niulize: nani hapa aliona zile picha? Naona mikono. Na nani alisikia kwamba utafiti uliondolewa? Mikono mitatu. Basi hiyo ndiyo hali ya lebo tuliyonayo vichwani, picha ya panya.

Halafu ikaja Oktoba 3, 2022. Ukame ulikuwa mbaya kuliko wowote katika miaka arubaini, unga wa kilo 2 ulikuwa umeshapita shilingi 200 kabla ya kupewa ruzuku mwaka huo, na serikali mpya ya Rais Ruto ikaondoa marufuku. Mwezi uliofuata, waziri wa biashara wa wakati huo, mnamkumbuka, akasimama akasema mambo ya kuua Mkenya ni mengi tayari, kwa hiyo GMO ikiongezwa kwenye orodha si neno. Mnacheka sasa. Siku ile mimi sikucheka. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa watoto, redio iko juu ya friji, na nikajikuta nimeacha mwiko ndani ya sufuria. Kumbuka mimi si mtu wa kuogopa GMO. Shirika la Afya Duniani limesema tangu zamani kwamba vyakula vya GMO vilivyoko sokoni vimepitia ukaguzi wa usalama na havielekei kuwa na hatari kwa afya, na sijaona ushahidi wa kunitoa hapo. Ningeula ugali huo. Kilichoniuma ni kuambiwa hivyo na mtu aliyepaswa kunieleza.

Baada ya hapo ni mahakama tu. Oktoba 2023, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatupa kesi moja. Novemba 2024, Mahakama Kuu ikatupa nyingine. Machi 2025, Mahakama ya Rufani ikasimamisha uagizaji hadi rufani isikizwe. Mawakili waachieni mawakili. Mimi nitaenda sokoni.

Kuna wakati nilikuwa nikifanya kazi ya kuuliza watu maswali, zile fomu ndefu za utafiti wa wateja, unalipwa kwa fomu. Siku moja nilikaa kwenye kisiagi huko Kawangware. Kuna benchi, kuna foleni ya mabeseni na mifuko, vumbi la unga limeganda kwenye kope za kijana wa mashine, na kelele hiyo, ukitaka kuuliza swali unasubiri akizima. Akazima. Nikamgeukia mama mmoja wa makamo aliyekuwa na gorogoro mbili za mahindi, yaani makopo mawili ya kupimia, kwenye mfuko wa plastiki uliofumwa. Nikasoma swali kama lilivyoandikwa: je, ungependa mahindi ya GMO yawekewe alama?

Akaniambia, "Alama mtaiweka wapi, mwanangu? Kwenye punje?"

Benchi zima likaangua kicheko. Lakini fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Kulikuwa na "ndiyo", "hapana" na "sijui". Nikaandika "sijui". Hadi leo najutia kile kisanduku nilichotia alama, kwa sababu yule mama alikuwa anajua kuliko mimi na aliyeniajiri.

Nilimtazama alichofanya baadaye na mahindi yake. Alikuwa ameyanunua njiani, sasa anayapembua kabla hayajaingia mashineni. Akachukua punje, akaiuma kwa meno ya mbele: ikilia "kach" imekauka, ikibonyea ina maji. Akanusa kiganja. Akapuliza. Akatoa zilizobadilika rangi, nyeusi na zile zenye kijani kibichi cha ukungu, akazitupa pembeni, kuku wa jirani wakazikataa pia. Hiyo ndiyo maabara ya Nairobi.

Maabara hiyo inaona mengi lakini haioni yote. Haioni sumukuvu, ile sumu ya ukungu iitwayo aflatoxin, ikiwa imejificha. Mwaka 2004, Ukambani, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na waliyoyala hayakuwa na jeni ngeni hata moja. Yalikuwa mahindi yetu ya asili, ya shambani kwetu, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kama tungekuwa tunatafuta pa kuweka lebo ya hatari, tungeanzia hapo. Na meno hayaoni jeni vilevile. Punje ya Bt na punje ya kawaida ukiziweka kwenye kiganja kimoja, hata aliyezitengeneza hatakuambia ipi ni ipi kwa macho.

Basi mtu atauliza: kama huogopi, na kama hatari kubwa ni sumukuvu, lebo ya GMO unaitakia nini?

Nirudi kwa hiki kikaratasi. NYAYO. Mwiteni mnunuzi yeyote wa Nairobi umwambie, "Nikupimie maharagwe." Atauliza, "Gani?" Nyayo? Rosecoco? Mwitemania? Wairimu? Ya manjano? Hakuna kati ya hayo lililo sumu. Anauliza kwa sababu moja yanaiva haraka na gesi ni ghali, mengine yanatoa mchuzi mzito, mengine yanamjazia mzee tumbo gesi. Mchele anauliza kama ni wa Mwea. Viazi anauliza kama ni Shangi. Mahindi anauliza kama ni ya Kitale au yamevuka mpaka wa Busia. Tumekuwa tukidai lebo siku zote, kwa sauti, tukiwa tumesimama juu ya tope. Halafu linapokuja suala la GMO mtaalamu ananiambia mlaji wa kawaida hana haja ya kujua kwa sababu chakula ni salama! Nani alisema nauliza usalama tu? Katiba yetu kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na bidhaa. Haisemi apewe maelezo pale tu anapokaribia kufa.

Upande wa pili nao una hofu yake, na si ya kudharau. Wanasema ukiandika GMO kwenye mfuko, watu watasoma "sumu". Na kweli neno linaweza kumtia mtu hofu bila sababu. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, huko Marekani, katika uchunguzi wao wa walaji, waliuliza kama vyakula vyenye DNA viandikwe hivyo kwa lazima. Asilimia 80 hivi wakasema ndiyo. Sasa DNA iko kwenye sukuma wiki, kwenye omena, kwenye ulimi wako unaoonja. Usiwacheke sana. Ukiingia hapo soko la nyama la Burma na fomu yangu ile, nyama itakosa mnunuzi.

Lakini jimbo la Vermont lilipolazimisha lebo Julai 2016, watafiti wawili, Jane Kolodinsky na Jayson Lusk, wakalinganisha maoni ya watu wa huko na ya Wamarekani wengine, kabla na baada. Matokeo wakayachapisha 2018: upinzani dhidi ya GMO huko Vermont ulipungua kwa asilimia 19. Ulipungua! Mtu aliposhika kopo likamwambia waziwazi kilichomo, wasiwasi ulishuka. Kwangu mimi haishangazi. Mchuuzi akikuambia mwenyewe kwamba nyanya hizi ni za jana, unanunua. Ukizigundua mwenyewe chini ya fungu, hurudi kwake tena.

Na hapa Nairobi? Mwishoni mwa 2003, watafiti akiwemo Simon Kimenju na Hugo De Groote waliwauliza wanunuzi 604 wa jiji hili, kwenye supamaketi, vibandani na visiagini. Nawapongeza kwa hivyo visiagi. Asilimia 38 tu ndio waliokuwa wamewahi kusikia kuhusu mazao ya GMO. Hata hivyo asilimia 68 walisema wangenunua unga wa GMO kwa bei ileile ya unga waliouzoea. Hiyo ilikuwa kabla ya picha za panya na kabla ya yule waziri. Siwezi kuwaambia watu hao wangejibuje leo, ila najua hawakuzaliwa wakichukia.

Sasa, lebo inaweza kudanganya. Mwaka juzi nilinunua maziwa ya unga kwenye duka kubwa, nisilitaje, nikafika nyumbani nikaona kibandiko cha tarehe kimeinuka pembe. Nikakikwangua kwa ukucha, polepole, kama mtu anayefuta kadi ya simu ya zamani. Chini yake, tarehe nyingine. Miezi minne nyuma. Nilirudi na risiti, meneja akanipa pakiti mpya na tabasamu, na zile nyingine zikabaki kwenye rafu. Na mchele wa Mwea mnaujua wenyewe: tangu jina la pishori lianze kuuza, kuna mchele uliosafiri kwa meli kutoka Pakistani na kuzaliwa upya Mwea ukiwa njiani. Jina likiwa na bei, litaghushiwa. Huko Marekani utakuta chumvi imeandikwa "haina GMO". Chumvi! Haina jeni, haikuwahi kuwa nayo, lakini maneno hayo yanauza. Hapa pia yatakuja, na mkiyaona kwenye chupa ya maji mnipigie simu.

Pia lebo ina mahali inapokoma, na wanaoitetea hawapendi kupataja. Yule ng'ombe wetu aliyelishwa mashudu ya pamba: maziwa yake hayana lebo hata Ulaya, kwa sababu sheria yao inaandika chakula cha ng'ombe, haiandiki maziwa. Mafuta ya kupikia yaliyosafishwa sana hayabaki na jeni ya kupima, ndiyo maana Marekani waliyaachilia kwenye kanuni zao, wakati Ulaya wanayadai lebo kwa kufuata nyaraka kutoka shambani. Na githeri ya kibandani, na chapati za kando ya barabara, na ugali wa bweni la shule? Marekani waliwaruhusu wenye viwanda kuweka msimbo wa QR badala ya maneno. Jaribu hilo Githurai saa moja jioni, na simu yako uitoe mfukoni kupiga msimbo kwenye gunia. Utarudi nyumbani bila lebo na bila simu.

Magunia nayo, hebu niseme. Leo pale Nyamakima nilipita nikisoma magunia. Gunia limeandikwa sukari, ndani ni ndengu. Limeandikwa mchele, ndani ni mahindi. Jingine lilikuwa la mbolea, na hilo lilinifanya nisimame. Mfuko wa kilo 2 una afisa wa kuukagua na faini ya kuutisha. Sheria ya 2009 inaweza kukutoza hadi shilingi milioni 20 au kukufunga miaka 10. Gunia linalomlisha mtu wa Mathare linazunguka na jina la maisha yake ya zamani.

Ndiyo maana ninalotaka ni dogo na liko chini zaidi ya mfuko wa supamaketi. Shehena ya mahindi ikiteremka Mombasa au ikivuka Busia, iwe na karatasi inayosema ni ya aina gani, na karatasi hiyo iifuate lori hadi kwa mwenye ghala la jumla. Asiye na karatasi, mahindi yake yapimwe. Kuna vibanzi vya kupimia protini za GMO kwenye nafaka mbichi, vinafanya kazi kama vile vya kupimia ujauzito: unasaga punje, unatia maji, unachovya, unasubiri dakika chache, mistari inatokea. Kwenye unga uliopikwa au mafuta havikusaidii, lakini kwenye lori la mahindi vinatosha kumfanya mtu asidanganye. Gharama yake abebe mwenye meli. Mama mwenye kibanda asiguswe, na asije akashtakiwa kwa kosa lililofanyika bandarini. Yeye atapokea neno kutoka kwa mwenye ghala, ataliandika kwenye kipande cha boksi kwa Kiswahili, atalichomeka. Hiyo ni kazi anayoifanya kila asubuhi.

Ila nilipomweleza hivyo yule mama aliyenipa hiki kikaratasi, alinisikiliza vizuri, akamalizia kupima gorogoro ya mteja, akasawazisha kwa kiganja, akaongeza kidogo cha juu. Kisha akaniuliza: "Haya, nikiandika ni GMO, nipandishe bei au nishushe?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia aje huku saa nane, kuna watu wa serikali na wa viwanda wamealikwa, awaulize wao. Nilidhani hatakuja, maana leo ni siku ya soko. Lakini namwona safu ya tatu, mwenye leso ya kijani. Mwenyekiti, naomba kipaza sauti kimfikie. Mama, simama uwaulize.